Watu Wengine Wote

Jambo la kwanza alilofanya Mwalimu Zefania, kabla hata ya sala ya kufungulia kikao, lilikuwa kufunga madirisha. Ilikuwa Julai, na Julai ya Takoma Park, nje kidogo ya Washington, haina masihara: mtu anatoka kuoga, na kabla hajamaliza vifungo vya shati ameshaloa tena. Ukumbi wenyewe ulikuwa chini ya kanisa dogo la matofali, hatua chache kutoka stesheni ya treni, na kiyoyozi chake kilikuwa kimekufa tangu Pasaka. Lakini Mwalimu alizunguka dirisha moja baada ya jingine, akayashusha yote manne, akavuta na mapazia, kisha akapitisha kikapu cha sadaka ili watu waweke simu zao.

"Ndivyo walivyofanya Filadelfia," alisema huku akijifuta shingo kwa leso. "Mwaka elfu moja mia saba themanini na saba, kiangazi kama hiki hiki. Walifunga madirisha, wakaweka walinzi mlangoni, wakakubaliana kwamba linalosemwa ndani halitoki nje. Katiba ya taifa hili ilizaliwa kwa jasho, ndugu zangu."

Ndugu zake, kamati ya katiba ya Watanzania watano na Wakenya watano, wakatikisa vichwa kwa heshima huku wakijipepea kwa vitabu vya nyimbo. Mama mmoja, jina lake Sikujua, hakuwa mjumbe. Alikuwa ameleta maandazi na maji ya baridi, na alipomaliza kupanga vikombe ilimbidi atoke, mlango ukafungwa nyuma yake. Hakuona ubaya wowote. Kama Mwalimu amesema ndivyo inavyofanywa, basi ndivyo inavyofanywa.

Na kwa nini asimwamini? Sikujua alikuwa mama wa miaka hamsini na miwili, mzaliwa wa Makambako, mwenye kazi ya kumtunza bibi mmoja wa Kimarekani aliyewahi kuwa mtafiti wa mbegu kule Beltsville na sasa hakumbuki hata jina la paka wake. Shule aliishia darasa la saba. Miaka mitatu mizima, kila Jumapili baada ya ibada, alikaa mstari wa mbele katika darasa la uraia la Mwalimu Zefania, akiandika kila neno kwenye daftari. Mwalimu naye alikuwa wa Makambako hiyo hiyo, ila yeye alisoma mpaka akawa daktari wa historia, na sasa alifundisha chuoni mambo ya Wamarekani wa mwanzo. Wengine walimwona mtu wa kujisikia. Sikujua alimwona mtu aliyepanda ngazi na asisahau kuwanyooshea mkono waliobaki chini.

Na kufundisha alijua, apewe haki yake. Hakuwakaririsha maswali ya mtihani kama kasuku. Aliwaigizia wajumbe wa majimbo madogo wakitishia kufungasha virago, na wa majimbo makubwa wakipiga meza. Somo lililomkaa Sikujua moyoni ni lile la hesabu. Majimbo ya kusini yalitaka watumwa wao wahesabiwe, ili yapate viti vingi bungeni, lakini hayakutaka watumwa hao wapige kura, wala wawe watu. Mwisho wakapatana kila watumwa watano wahesabiwe kama watatu. "Sasa nitafutieni neno mtumwa katika katiba ile ya kwanza," Mwalimu aliwaambia, akawagawia karatasi. Darasa zima likainama. Hakuna aliyelipata. "Hamlipati kwa sababu halimo. Waliandika 'watu wengine wote'. Waliona haya kuliandika, hawakuona haya kulitenda."

Siku ile Sikujua alilia kwenye basi njia nzima. Miezi minne baadaye alifaulu mtihani, na wa kwanza kumpigia simu hakuwa ndugu yake wa damu. Alikuwa Mwalimu.

Sasa basi, ikaja habari ya Umoja. Kwa miaka mingi Watanzania wa Washington na viunga vyake walikuwa na chama chao na Wakenya chao, kila chama na sherehe zake, kila chama na ugomvi wake. Mwaka huo wakaamua kuungana wawe kitu kimoja, chenye katiba moja na baraza moja. Mvutano ulianza siku hiyo hiyo, nao ulikuwa ule ule wa Filadelfia, mpaka Mwalimu Zefania akawa anatembea na tabasamu la bwana harusi. Wakenya walikuwa mia moja na kumi kwenye daftari lao, wakataka viti vigawanywe kwa vichwa, kila watu ishirini kiti kimoja. Watanzania walikuwa sitini tu. Kwa hesabu hiyo Wakenya walipata viti vitano, Watanzania vitatu.

Alhamisi moja Mwalimu akaja mpaka kibarazani kwa yule bibi wa Sikujua. Bibi mwenyewe alikuwa amesinzia kwenye kiti chake, paka mapajani.

"Dada Sikujua, nina ugonjwa, na mwenye dawa ni wewe," Mwalimu alisema hata kabla ya kukaa.

"Niambie, Mwalimu."

"Wale kina mama wanaolala kwenye nyumba za wazee, Watanzania wenzetu. Wako wangapi?"

Sikujua akafikiri. "Ninaowajua mimi? Arobaini hawapungui."

"Na kwenye daftari letu, ukiacha wewe, hayumo hata mmoja."

"Watakuwemo vipi, Mwalimu, na hawajawahi kufika? Mikutano yenu ni Jumapili, na Jumapili ndiyo siku wenye nyumba wanatoka. Mapumziko yao ni Jumatano peke yake. Mimi mwenyewe ninafika kwa sababu Ethan anakuja kukaa na mama yake. Wenzangu hawana Ethan."

"Waandikishe," Mwalimu alisema. "Wewe wanakusikiliza. Mimi wataniona mtu wa vitabu. Wakiingia wote tunakuwa viti vitano kwa vitano, ngoma droo, hakuna wa kumdharau mwenzake."

Sikujua alikuwa mpole, lakini hakuwa mjinga. "Na kura je? Nikiwaomba majina wataniuliza ya nini."

"Kila jina, kura moja. Wasiofika watapiga kwa simu, tutaweka utaratibu."

"Nipe neno lako, Mwalimu."

Zefania akaushika mkono wake kwa mikono yake yote miwili. "Neno langu, dada."

Kwa wiki tatu simu ya Sikujua haikupoa. Alipiga bibi akilala, akapiga akimenya viazi, akapiga akisubiri basi. Wanawake wale walikuwa wametawanyika Bethesda, Rockville, Potomac, na kwenye nyumba za Virginia zenye miti mingi kuliko watu, kila mmoja peke yake na mzee wake. Walipokea kwa kunong'ona. Na wote, utadhani walikuwa wamekaa kikao, waliuliza jambo moja: tukiwa na kura, tunaweza kuuhamisha mkutano? Hawakutaka uongozi, wala kupigwa picha na balozi. Walitaka Umoja ukutane Jumatano. Angalau Jumatano moja kila miezi mitatu, wao nao wavae vitenge, waketi na watu, wale ugali wa moto, waongee Kiswahili na mtu atakayewajibu.

Aliyembana zaidi alikuwa Vumilia. Vumilia wa Songea, miaka thelathini na minne, alikuwa akimlaza na kumwamsha bibi wa miaka tisini na sita huko Potomac, mtaa ambao hata basi linaogopa kuingia. Alimwita Sikujua "dada Siku", na alimtania bila huruma.

"Dada Siku, usiniletee siasa miye," alisema. "Tanzania sijawahi kupiga kura, siku ya kujiandikisha nilikuwa shamba. Hapa ndo kabisa, makaratasi yenyewe sina. Leo unaniambia nipige kura?"

"Utapiga. Kwa simu, hapo hapo ulipo."

"Nani kasema?"

"Mwalimu kanipa neno lake. Na mimi nakupa langu."

"La Mwalimu silijui," Vumilia alisema. "Lako nalichukua. Andika jina langu. Na hiyo Jumatano ya kwanza usipike wewe, ntapika mimi. Maharage yako nayajua."

Walifika arobaini na watatu. Sikujua aliyaandika majina yao kwa mkono, kwa herufi kubwa, akayapeleka kwa Mwalimu kwenye bahasha safi. Kwa watu mia moja na watatu, Watanzania wakawa na viti vitano.

Kisha zikaja wiki za madirisha. Kila Jumapili jioni kina mama walimpigia: wamefika wapi huko ndani? Kifungu chetu kimeingia? Sikujua hakujua. Akawaeleza habari za Filadelfia, akawatetea wale wa ndani kwa maneno ya Mwalimu mwenyewe, kwamba siri inampa mtu nafasi ya kubadili mawazo bila aibu. Wakamcheka, wakasema Siku naye siku hizi profesa. Lakini walitulia. Hilo ndilo lililomchoma baadaye, kwamba mtu wa kuwanyamazisha alikuwa yeye, kwa hiari yake, na kwa fahari tele.

Septemba, Jumamosi, siku moja kabla ya mkutano mkuu, Mwalimu akamtumia rasimu ili akaitolee nakala. Sikujua aliisoma kwenye meza ya jikoni, bibi akimtazama na kumwita kwa jina la dada yake aliyekufa zamani. Aliisoma taratibu, kidole kikifuata mstari. Kifungu cha tisa kilisema viti vya baraza vitagawanywa kwa idadi ya watu wote walioandikishwa. Kisha kikasema kura itapigwa na mwanachama aliyehudhuria mwenyewe mikutano mitatu ya Jumapili mfululizo, na kwamba watu wengine wote watahesabiwa kwa ajili ya mgawanyo wa viti tu.

Alikisoma mara ya pili. Akatafuta neno simu, hakulipata. Akatafuta watunza wazee, kina mama, Jumatano, chochote. Hakuna. Akageuza ukurasa, akarudi. Hakuwa mtumwa wa mtu, na angeona haya kujifananisha na wale waliouzwa mnadani. Yeye alikuwa na mshahara na ufunguo wa mlango. Lakini hesabu hii aliijua. Alikuwa amefundishwa hesabu hii, akaifanyia na mtihani.

Mwalimu alipokuja kuchukua nakala, hakumkaribisha ndani. Alisimama naye kibarazani.

"Mwalimu, kura za kina mama ziko wapi?"

Zefania akashusha pumzi. Alikuwa na uso wa mtu aliyefiwa. "Dada, nimepigana. Mungu ni shahidi yangu. Wakenya wamegoma. Wamesema kura ya simu ina ujanja, mtu mmoja atapigia kumi. Wakasema majina tutayahesabu, kura hapana, na tukikataa wanaondoka. Ningefanya nini? Nivunje Umoja?"

"Uliniambia kila jina, kura moja."

"Na itakuwa. Tunapitisha kwanza, halafu tuta-amend. Hata wale wa Filadelfia hawakumaliza kila kitu siku moja. Haki za raia zenyewe ziliongezwa baadaye." Akamsogelea. "Kesho watu watasita. Wakikuona wewe umekubali, wewe uliyewaandikisha, watatulia. Naomba unisaidie, dada yangu. Ukinigeukia wewe, mimi nimekwisha."

Sikujua alimtazama mtu huyu aliyemfundisha kusimama mbele ya ofisa wa serikali bila kutetemeka. Akawaza kwamba Wakenya wamewazidi kete, basi, ndiyo siasa. Moyo ulikataa. Akaupiga konde.

Jumapili ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa kwenye ngazi. Siku hiyo madirisha yalikuwa wazi. Kifungu cha tisa kiliposomwa, muuguzi mmoja wa Kikenya aitwaye Cherono alinyanyua mkono.

"Mwenyekiti, na wale wa live-in, wenye wanalala kwa wazee? Hao hawawezi kuja Sunday, na mmewacount. Hiyo ni fair kweli?"

Minong'ono ikaenea. Mwalimu Zefania alimtazama Sikujua tu, kwa macho ya kuomba, na ukumbi mzima ukageuka kumtazama.

Sikujua akasimama. "Mimi ndiye niliyewaandikisha," alisema, na sauti yake ilikuwa imara kuliko alivyotarajia. "Na mimi ni mmoja wao. Nawajua wote kwa majina. Wamekubali kusubiri. Tuupitishe Umoja kwanza, mengine tutayarekebisha tukiwa ndani. Nawaomba."

Walimpigia makofi. Cherono alikaa. Mikono ikanyanyuliwa, ikahesabiwa, katiba ikapita kwa kishindo, na watu wa Mwalimu, waliofika wote, wakampigia kura za kutosha kuwa wa kwanza kati ya Watanzania watano. Na kwa kuwa walikuwa wamekubaliana mwenyekiti wa mwaka wa kwanza atoke Tanzania, uenyekiti ukawa wake. Wanawake walimkumbatia Sikujua, wakamwita mama wa Umoja. Kilemba cha ukoka kilimkaa vizuri, akatoka nje nacho kichwani kwenda kupumua.

Nehemiah alikuwa kwenye maegesho, anaweka viti kwenye gari lake. Ndiye aliyewaongoza Wakenya kwenye kamati, mtu wa ofisi, mnene, mcheshi. Sikujua alikuwa na neno lake naye. Alimwendea.

"Bwana Nehemiah, hongera. Lakini kina mama zetu mmewaonea."

Nehemiah akasimama na kiti mkononi. "Sisi? Aki madam, wewe umesimama sasa hivi ukasupport. Mimi nikashangaa sana."

"Nilisimama ili msivunje Umoja. Mliposema mtaondoka mkilazimishwa kura ya simu."

"Nani alisema?" Akakiweka kiti chini. "Wacha nikwambie ukweli, sasa hii siri imeisha. Sisi ndio tuliproposi hiyo kura ya simu. Hata sisi tuko na wamama kibao wako live-in, tulikuwa tunataka hao pia wajiandikishe wavote. Mwalimu wenyu ndiye alikataa. Siku mbili nzima! Tukachoka na hiyo joto, tukamwachia."

"Alikataa kwa nini?" Sikujua aliuliza.

Nehemiah akatazama pembeni. Alikuwa mtu mwema, na sasa aliona alipofika. "Si lazima ujue, mama."

"Niambie."

"Alisema wale wamama wakivote, kiti cha kwanza cha Tanzania ni chako. Utampita. Na akasema... akasema wewe hujasoma, utatuaibisha kwa ubalozi."

Watu walikuwa wakipita na sufuria, wakiagana na kucheka. Sikujua alishukuru, kwa adabu, kama mtu aliyeelekezwa njia. Kisha akarudi ndani. Alikuwa amepakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, na mafuta yenyewe alikuwa amewapaka na wenzake.

Mwalimu Zefania alikuwa peke yake ukumbini, anakusanya nakala zilizosahaulika kwenye viti.

"Nehemiah ameniambia," Sikujua alisema.

Zefania hakuuliza ameambiwa nini. Aliweka karatasi mezani, akazipanga kingo zilingane. "Nehemiah amevunja kanuni ya siri," alisema. "Hilo ni kosa kubwa sana. Nitaliandikia barua."

Sikujua alidhani amesikia vibaya. Alikuwa amekuja akitarajia uongo mwingine, au msamaha. Hakujiandaa kwa hili.

"Mwalimu, ulinishika mkono kwa mikono miwili."

"Dada, kaa."

"Sikai."

"Basi nisikilize. Baraza hili litaandikia serikali ya jimbo, litakaa na mabalozi. Ungeliongoza vipi? Kwa Kiingereza gani? Wangekucheka. Kimsingi mimi nimekukinga. Siku moja utaelewa."

"Kiti sikukitaka," Sikujua alisema, na machozi yakaanza kumtoka, akayaacha. "Ungeniuliza tu. Ningekwambia sikitaki, ningewaambia wote wakuchague wewe, na wangekuchagua. Arobaini na watatu, Mwalimu. Ungezipata zote kwa kuniuliza. Wao walitaka Jumatano tu."

Kwa mara ya kwanza tangu amjue, Zefania hakuwa na mfano wa Filadelfia.

"Futa majina yao," Sikujua alisema.

"Siwezi. Daftari sasa ni la Umoja. Kulibadili kunahitaji theluthi mbili ya wapiga kura." Akainua mabega. "Umelipitisha mwenyewe, dada. Watu walikuwa wanasita. Wamekusikiliza wewe."

Hakulisema kwa ubaya, na hapo ndipo ubaya wake ulipokuwa. Sikujua alitoka bila kuaga. Katika miaka yake yote hakuwahi kumwachia mtu wa kwao mgongo bila kwaheri.

Jua lilikuwa bado juu. Alikaa kwenye benchi la kituo cha basi, akatoa simu. Hakuna aliyemtuma. Angeweza kusubiri kesho, angeweza kuandika ujumbe mmoja kwenye kundi na kuzima simu. Lakini majina aliyaomba moja moja, kwa sauti yake, na aliona lazima ayarudie moja moja. Alianza na Vumilia, kwa kuwa ndiye aliyempenda zaidi.

Simu haikuita hata mara mbili.

"Dada Siku! Tangu asubuhi nimeishika hii simu kama mtoto. Bibi wangu ananiuliza nina nini, namwambia leo nasubiri matokeo ya uchaguzi, kacheka huyo mpaka kakohoa. Haya sema. Jumatano yetu lini?"

Sikujua alikuwa ameyapanga maneno vizuri kichwani. Yote yalimkimbia. "Hakuna Jumatano, mdogo wangu."

"Imesogezwa?"

"Haipo. Mmehesabiwa, lakini kura hamna. Mikutano ni Jumapili, na anayepiga kura ni anayefika."

Vumilia akauliza, polepole, "Nani katunyima? Wakenya?"

Neno lilikuwa tayari mdomoni. Ndiyo. Basi. Angesema ndiyo, na Vumilia angewalaani Wakenya, wangelia pamoja, na kesho angemtania tena kuhusu maharage. Wala asingekuwa mtunzi wa uongo huo, aliupokea umeshapikwa. Sikujua aliuonja, akaona jinsi ulivyokuwa mtamu na jinsi ulivyokuwa umemshibisha yeye jana tu pale kibarazani.

"Hapana," alisema. "Wakenya walitaka mpige. Ni Mwalimu. Na mimi."

"Wewe?"

"Watu walisita. Kuna dada mmoja akauliza habari zenu. Mimi ndiye niliyesimama nikawaomba wakubali. Nilikuwa nimedanganywa, Vumilia, lakini nilisimama. Nikasema mmekubali kusubiri."

"Sisi tumekubali?"

"Ndiyo. Nilisema hivyo."

"Ulituuliza saa ngapi?"

Kwa upande wa pili Sikujua alisikia runinga ya wazee, ile inayowashwa kwa sauti ya juu kutwa nzima, na watu ndani yake wakicheka. Alisubiri atukanwe. Aliomba atukanwe. Tusi lingekuwa bado ni la dada kwa dada, na baada yake wangeweza kuanza kutafuta njia ya kurudi.

"Sawa," Vumilia alisema hatimaye. Sauti yake ilikuwa imebadilika, imenyooka, imejaa adabu, sauti anayowatolea wenye nyumba wanapompa maagizo. "Nashukuru kwa taarifa, kiongozi."

Simu ikakatika.

Sikujua aliishikilia sikioni muda mrefu, akilia waziwazi, na mzee mmoja aliyekaa kwenye benchi lile akajisogeza pembeni kumpa nafasi. Basi likaja, likafungua mlango, likamsubiri kidogo, likaondoka bila yeye. Bado walikuwa arobaini na wawili wa kupigiwa.